Sauti Nyingine Mezani kwa Opareta

Kwa miaka kumi na minne Opareta alifanya kazi akisomewa na sauti moja. Ilikuwa sauti ya kiume, nyembamba, inayotokea puani kama ya mtu aliyeamka na mafua, na mkewe aliibatiza jina la Bwana Mafua tangu wiki ya kwanza ilipoingia nyumbani mwao. Sauti hiyo ilikaa ndani ya kompyuta ya mezani yenye boksi kubwa la bati, na kazi yake ilikuwa kumsomea Opareta kila kilichoandikwa kwenye kioo, kwa sababu Opareta haoni. Presha ya macho ilimwanza akiwa kijana, ikamla polepole, na alipotimiza miaka kumi na tisa hakubakiwa hata na mwanga wa dirisha.

Jina la Opareta alilipata kazini. Alikaa kwenye swichibodi ya hospitali kubwa miaka ishirini na miwili, akipokea simu na kuziunganisha na wodi, maabara, jikoni na chumba cha maiti. Madaktari aliwajua kwa namna walivyokohoa kabla ya kusema. Kisha mitambo mipya ikaletwa, simu zikaanza kujiunganisha zenyewe, naye akakabidhiwa barua ya shukrani na saa ya ukutani ambayo, kama mkewe alivyosema akiipachika, aliyeichagua hakufikiria sana.

Hakukaa bure. Kituo kimoja cha utafiti wa afya kilikuwa kinatafuta mtu mwenye masikio makini wa kuandika mahojiano yaliyorekodiwa: wauguzi wastaafu, wakunga, watu waliougua kwa muda mrefu wakapona. Kila neno lilitakiwa liandikwe lilivyotamkwa, na pale mtu aliponyamaza, ukimya wake nao uandikwe. Opareta aliipenda kazi hiyo kuliko hata ile ya simu. Hospitalini alikuwa akiwaunganisha watu kisha anajitoa kwenye mazungumzo. Sasa alilipwa kwa kusikiliza mpaka mwisho.

Alifanyia kazi chumba cha mbele, pamoja na mkewe ambaye ni fundi cherehani. Mkewe alikaa dirishani, yeye akakaa ukutani, na wote wawili walitumia miguu. Mkewe alikanyaga cherehani. Opareta naye alikuwa na kanyagio lake la plastiki chini ya meza: akilibonyeza kwa vidole vya mguu, mahojiano yanakwenda, akiliachia, yanasimama, akiligusa kwa kisigino, yanarudi nyuma kidogo. Kwa njia hiyo mikono haikutoka kwenye kibodi. Sikio la kushoto lilimsikiliza mhojiwa, la kulia lilimsikiliza Bwana Mafua akimrudishia alichoandika, kwa kasi ambayo mtu mwenye macho asingeambulia neno. Wateja waliokuja kupimwa nguo, wakiisikia kasi hiyo, waliwahi kuuliza kama kuna kitu kinakaangwa ndani.

Mambo yalianza kuharibika kituo kilipobadilisha njia ya kutuma kazi. Rekodi hazikuletwa tena kwa barua pepe. Ziliwekwa kwenye ukurasa mpya wa mtandao, mtu ajichukulie. Kompyuta ya Opareta haikuweza kuufungua ukurasa huo. Bwana Mafua alisoma jina lake, akasema “tafadhali subiri”, kisha kimya. Mratibu wa kituo, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alikubali kumtumia kwa njia ya zamani kwa miezi mitatu tu. Huku nyuma mashine yenyewe ilikuwa imeanza kupata joto. Ikifika saa nne asubuhi feni yake inalia, ikifika saa tano inajizima. Fundi wa kompyuta alikuja mara mbili. Mara ya pili alifunga boksi, akasema vipuri vyake havipatikani tena, na kwamba hata waliotengeneza ile sauti walishaitelekeza siku nyingi.

Binti yao alikuwa ameajiriwa kwenye ofisi ya wachora ramani za majengo. Ofisi ilikuwa inabadilisha kompyuta zake, na wafanyakazi waliruhusiwa kuzichukua zile za zamani. Basi Jumamosi moja binti akaingia nyumbani kwa wazazi wake amekumbatia kitu kilichofungwa kwa shuka. Opareta alikipapasa kikiwa mezani. Kioo kipana, nyuma yake bati laini, chini mguu mmoja. Kibodi yake ilikuwa bapa, vitufe vimelala kama vimekanyagwa. Akainama chini ya meza kutafuta boksi.

“Kiwiliwili chake kiko wapi?” aliuliza.

“Ndiyo yote hiyo, Baba,” binti alijibu. “Kila kitu kimo nyuma ya kioo.”

Haikuwa kompyuta mpya tu; ilikuwa ya aina nyingine kabisa. Binti alimweleza kwamba hii haihitaji programu ya kununua ili isome, sauti imekuja nayo kutoka kiwandani. Hilo lilikuwa kweli. Lakini sauti yenyewe haikujua Kiswahili. Ilisoma kila neno kama mgeni aliyeshuka kwenye ndege asubuhi ile ile. Mgonjwa akawa “em-gon-jua”, na wodi ya wazazi ikawa kitu ambacho hata binti, aliyekuwa akikiona kwa macho, alishindwa kukitambua. Walicheka sana Jumamosi ile. Jumapili jioni binti akarudi kwake, Bwana Mafua akahamishiwa chumbani nyuma ya mlango, na Jumatatu Opareta akakaa mezani peke yake.

Hapo ndipo uchovu ulipoanza. Vidole vyake vilikuwa na njia zao, vilishazoea kwenda vyenyewe bila kuulizwa, na sasa kila njia ilimfikisha kusiko. Alibonyeza vitufe viwili vilivyokuwa vikimsomea mstari mzima. Hapa vilifunga dirisha. Alibonyeza vile vya kuhifadhi kazi. Hapa sauti ilimtajia saa. Kanyagio halikutambuliwa kabisa. Alilichomoa, akalichomeka, akalichomeka upande mwingine, mashine haikulijua. Ikabidi asimamishe na kuendesha mahojiano kwa kidole, na kila alipoinua kidole alipoteza mahali pa mikono yake. Kazi ambayo zamani ilimpa kurasa kumi na moja kwa siku, Jumatatu ile ilimpa nusu ukurasa. Jumanne, ukurasa mmoja. Alipoinuka mezani mabega yalimuuma kana kwamba amebeba magunia.

Wiki ya pili alikuwa anaandika mahojiano ya muuguzi mmoja mstaafu, bibi aliyezungumza taratibu na kucheka mwenyewe kabla ya kusimulia jambo la kuhuzunisha. Opareta alimpenda tangu dakika ya kwanza. Alimwandika siku tatu, kurasa tisa, kwa kuvizia herufi moja moja. Siku ya tatu alasiri vidole vikakimbilia njia ya zamani, sauti ya kigeni ikasema neno moja ambalo hakulishika, naye akaitikia kwa kubonyeza kitufe kikubwa, kama alivyokuwa akimwitikia Bwana Mafua kila siku. Alipotafuta kurasa zake hazikuwepo. Alizitafuta mpaka adhana ya jioni. Hakumwambia mkewe. Alikula chakula kidogo, akasema kichwa kinamgonga, akapanda kitandani.

Kesho yake, mkewe alipotoka kununua nyuzi na vifungo, Opareta aliingia chumbani, akamtoa Bwana Mafua nyuma ya mlango, akaunganisha nyaya sakafuni kwa kupapasa na kumwasha. Ile sauti ya puani ikamsalimia kama kawaida. Alikaa kwenye jamvi, kibodi magotini, akafungua mahojiano ya zamani aliyoyamaliza mwaka uliopita, akayasikiliza tu yakisomwa kwa kasi. Hakuwa anafanya kazi yoyote. Alikuwa kama mtu aliyevua viatu vinavyobana. Baada ya saa moja feni ikaanza kulia. Opareta akaelewa vizuri kabisa kwamba hapo hapana pa kurudi: kazi mpya haziwezi kuingia humu, na hata zikiingia mashine haitamaliza asubuhi. Akaizima mwenyewe kabla haijajizima, akairudisha mahali pake. Hakutaka mkewe amkute pale sakafuni.

Siku iliyofuata ikawa mbaya kuliko zote. Saa tatu asubuhi alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, hakujua ni vipi, na sauti ikanyamaza. Alijaribu kila alichokikumbuka. Kimya. Mashine ilikuwa hai, aliusikia mvumo wake mdogo akisogeza sikio, lakini haikusema. Kioo kilikuwa mbele yake kimeandika kitu, na hakukuwa na namna ya kukijua. Mkewe alikuwa ameenda kwa mteja kupima sare za shule, asingerudi kabla ya mchana. Opareta alikaa pale saa nne nzima. Mara moja moja alibonyeza kitufe, kisha akaogopa kwamba anaharibu zaidi, akaweka mikono mapajani. Tangu aanze kazi hii hakuwahi kuhitaji macho ya mtu. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano ya nyumba: jikoni na barabarani atashikwa mkono ikibidi, lakini mezani kwake ni yeye.

Mkewe aliporudi alimwita kabla hajaweka mfuko chini.

“Mama, njoo unisomee kilichoandikwa hapa.”

Mkewe hakuwahi kuigusa kompyuta maishani mwake. Alivuta kiti, akasogea. Alisema kuna kisanduku katikati, ndani yake kuna maneno, na chini kuna vijisanduku viwili. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, hivyo Opareta akamwomba amtajie herufi moja moja, yeye ataziunganisha. Mkewe akaanza. Alikwenda pole mno. Alitaja herufi, akaifuta, akataja nyingine. Alisema hii labda ni O, au C, au ile nyingine inayofanana nazo. Akarudi mwanzo. Opareta alikuwa hana chakula tumboni tangu alfajiri, na siku tatu za kazi zilikuwa zimepotea, na uvumilivu ukamwishia.

“C na O huzijui, Mama?”

“Nazijua,” mkewe alisema. “Sizioni.”

  Kisha mkewe, kwa sauti ile ile aliyotumia kuwaambia wateja kwamba kitambaa hakitoshi, alimweleza. Ilikuwa mwaka wa pili sasa vitu vya karibu vinamkimbia. Mbali anaona vizuri, basi linapotoka kwenye kona analijua, lakini sindano hawezi kuitunga uzi. Alikuwa anawaomba wateja wamtungie, anawatania kwamba anapima ujana wao. Nguo nyeusi alishaacha kuzipokea. Kwa mumewe hakusema kwa sababu hakujua aanzie wapi. Kwenda kwa mume aliyeishi gizani miaka arobaini ukamlalamikia kwamba sindano imekuwa ndogo, aliona haya.

Opareta alikumbuka kwamba masikio yake yalikuwa yamemwambia. Cherehani ya mkewe ilikuwa imebadilika mwendo. Zamani ilikimbia mshono mzima kwa pumzi moja. Siku hizi ilikwenda hatua, ikasimama, ikaenda. Alikuwa amelisikia hilo kwa miezi mingi na kulichukulia kwamba ni umri. Yeye anayelipwa kwa kuandika hata ukimya wa watu asiowajua hakumuuliza mkewe hata siku moja.

“Nisamehe,” alisema. “Nimekusemesha vibaya.”

“Umechoka.”

“Nimechoka. Siyo na hii mashine peke yake. Nilijifunza kutembea upya, nikajifunza kusoma kwa vidole, nikajifunza swichibodi, nikajifunza kompyuta. Kila nikizoea nyumba nahamishwa. Nimechoka kuwa mgeni, Mama.”

 Mkewe aliinuka, akaenda kumwomba jirani miwani yake ya kusomea gazeti, akarudi nayo, akakaa tena mbele ya kioo. Safari hii herufi zilitoka moja baada ya nyingine bila kusitasita. Kisanduku kilikuwa kinauliza kama kweli anataka kuizima sauti. Opareta alimwelekeza ashike kipanya, asukume mshale mpaka kijisanduku cha kushoto, kile cha kughairi, abonyeze mara moja. Mshale ulimtoroka mara nne, na mara ya nne alicheka. Sauti ya kigeni ikarudi, ikaanza kusoma kwa lafudhi yake mbaya, na wote wawili wakapumua.

Alasiri hiyo hiyo Opareta alifanya mambo mawili aliyokuwa akiyakwepa. Kwanza alimpigia mratibu wa kituo, akamwambia wazi kwamba amepoteza kurasa tisa na kwamba kwa sasa hawezi kubeba kazi kama zamani. Alitegemea kuambiwa asante na kwaheri. Mratibu alimuuliza atahitaji muda gani. Opareta akasema mwezi mmoja, na baada ya hapo nusu ya kazi, labda daima. Mratibu akakubali, akasema waandishi wake wengine huandika walichodhani kimesemwa, na hilo linamsumbua zaidi kuliko kuchelewa.

Pili, alimpigia Nukta. Huyu walisoma naye shule ya wasioona, na jina hilo alilipata darasani, kwa kuwa alikuwa anasoma nukta nundu kwa mkono mmoja haraka kuliko wenzake waliotumia miwili. Sasa alikuwa mwalimu wa chuo, na alikuwa ametumia kompyuta ya aina hiyo miaka sita. Binti alikuwa ameshamshauri baba yake ampigie. Opareta hakupiga, kwa sababu shuleni yeye ndiye aliyekuwa akimfundisha Nukta hesabu.

Nukta alimsikiliza mpaka akamaliza malalamiko yote. Kisha akamuuliza alianza lini kufanya kazi nayo.

“Siku ya kwanza.”

“Ndilo kosa lako hilo. Ukihamia nyumba mpya unaanza kwa kupika pilau la wageni? Si unashika ukuta kwanza, ujue mlango uko wapi? Wiki nzima usiandike hata neno. Tembea tu.”

Kwa hiyo alitembea. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana Nukta alipiga simu, Opareta akaweka simu kwenye spika kando ya kibodi, na mashine zao mbili zikasemezana kwa mbali. Jumamosi ya kwanza walijifunza vishale vinne na kitufe cha kutokea, basi. Ya pili walitafuta sauti ya Kiswahili. Nukta alijua ipo, imefichwa chini ya orodha ndefu ya lugha za dunia nzima, na iliwachukua tangu saa nane hadi karibu magharibi kuifikia, kwa kuwa mtandao ulikatika mara mbili na kila ulipokatika walianzia juu. Hatimaye ikaingia. Ilikuwa ya kike, kavu, inayokata maneno kama mwalimu anayeita majina ya wanafunzi. Mkewe, aliyekuwa anakata kitambaa, aliinua mkasi.

“Umeniletea mke mwenza,” alisema.

Opareta alimwambia asiwe na wasiwasi, huyu hajui kupika. Ilikuwa mara ya kwanza kutaniana baada ya wiki nyingi.

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Sauti ya kike ilishindwa kusoma majina ya dawa, na kwa miezi miwili Opareta hakuweza kuiharakisha bila kupotea. Kanyagio halikukubali kabisa. Nukta alisema la kwake pia lilikataa, akaliacha. Siku nyingine mkewe alisikia mguu wake ukikanyaga sakafu tupu chini ya meza, vidole mbele, kisigino nyuma. Zilikuwepo asubuhi ambazo Opareta alikaa kitini na kuona mikono haitaki kuinuka, akazima mashine bila kuandika, akaenda kumshikia mkewe mita wakati wa kupima. Alipoteza kurasa mara mbili tena, ingawa hazikuwa tisa.

Mkewe alipimwa macho, akapewa miwani yake mwenyewe yenye kamba ya shingoni. Hakurudia nguo nyeusi. Alisema anaziona sasa, ila amegundua hakuwahi kuzipenda. Kazi zake alizipunguza pia, akawaachia mafundi wengine magauni ya harusi, akabaki na sare, mashuka na marekebisho. Chumba cha mbele kikawa na ukimya mwingi kuliko zamani. Saa nyingine wote wawili walisimama katikati ya kazi, kila mmoja akajua mwenzake anapumzika, hakuna aliyemhimiza mwingine.

Mwezi wa tatu Opareta alianza tena mahojiano ya yule muuguzi mstaafu. Alimkuta bibi pale pale, akicheka kabla ya kusimulia. Sasa alikuwa anaandika kurasa nne kwa siku, tano akiamka vizuri, na aliacha kujiuliza kama atarudi kwenye kumi na moja. Kuna mahali bibi alinyamaza kwa muda mrefu baada ya kumtaja mtoto mmoja wa wodini. Opareta alikuwa ameupima ukimya huo mara ya kwanza, kabla kurasa hazijapotea, na alikumbuka aliuandika kwa sekunde kumi. Alipousikiliza upya, bila haraka, alikuta ni ishirini na mbili, na kwamba katikati yake bibi alivuta kamasi. Aliandika yote mawili.

Alhamisi moja mchana alimaliza. Aliyasikiliza maandishi tangu mwanzo, sauti ya kike ikisoma kwa mwendo wake mkavu, akasahihisha makosa kumi na saba, akafungua ukurasa wa kituo, akayatuma. Baada ya robo saa jibu la mratibu likaingia. Lilisema kazi imefika na kwamba kuna nyingine akiwa tayari. Opareta alijibu kwamba atakuwa tayari Jumatatu. Kisha akazima kompyuta, akajinyoosha mgongo, akamwambia mkewe anakwenda kulala kidogo. Mkewe akasema amalizie upindo mmoja tu, naye anakuja.